Wakati kuwa Kipimo cha Nne: Historia ya Tafsiri Moja katika Fizikia

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema ya kwamba ulimwengu una vipimo vinne: urefu, upana, kimo, na wakati. Maneno haya ni mepesi kutamka, na kwa wepesi wake huzaa makosa mawili. Wako wanaodhani kwamba wakati umegunduliwa kuwa mahali pa namna fulani, ambapo mtu angeweza kwenda na kurudi kama aendavyo Bagamoyo. Na wako wanaodhani kwamba usemi wote ni fumbo la wanahesabu wala haumhusu mtu mwingine. Yote mawili si kweli. Historia ya jinsi wanafizikia walivyofika kuuandika wakati pamoja na mahali yaonyesha kwamba jambo hili, kabla ya kuhesabiwa kuwa ugunduzi, lilikuwa tafsiri. Na mmoja wa wakuu walioliona mapema aliliacha kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ni tafsiri tu. Kwa hiyo lawahusu wanaoshughulika na lugha, hasa wale ambao hawana budi kulitafutia maneno ya Kiswahili.

Kwanza lazima neno lenyewe litazamwe. Lugha za Ulaya zimelichukua kutoka Kilatini, dimensio, yaani tendo la kupima kitu mpaka mwisho wake. Asili yake basi si mahali, wala si upande; ni upimaji. Aristotle, katika kitabu chake juu ya mbingu, alisema kwamba kiwiliwili kina vipimo vitatu na hakuna zaidi, kwa kuwa tatu ni hesabu iliyotimia. Hoja ambayo haitamridhisha mtu wa leo, lakini ilitosha kwa karne nyingi. Waarabu walipotafsiri vitabu vya Kiyunani walitumia neno bu'd, wingi wake ab'ad, ambalo maana yake ya kwanza ni umbali. Shina hilo limo katika Kiswahili mara mbili: katika baidi, yaani mbali, lisemwalo kwa mahali, na katika baada, lisemwalo kwa wakati. Mswahili asemaye "baada ya mwaka" atumia shina lile lile ambalo mwanahesabu wa Baghdad alilitumia kwa urefu na upana. Mtu asijenge juu ya jambo hilo zaidi ya linavyoweza kubeba. Lakini lafaa kuwekwa akilini.

Hatua ya kwanza haikuwa kusema lolote juu ya wakati, bali kuuchora. Nicole Oresme, mwanachuoni wa Paris katika karne ya 14 ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, alichora mstari uliolala kuwa muda wa mwendo, akasimamisha juu yake mistari mingine, kila mmoja ukiwa kasi ya kitu kwa nukta ile ya muda. Kitu kinachoongeza kasi sawasawa kilimpa pembetatu, na eneo la pembetatu likawa njia iliyokwendwa. Galileo aliitumia picha ya namna hiyo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Mwaka mmoja kabla yake, 1637, Descartes alikuwa ametoa kitabu chake cha jiometri, na kutokana na kazi hiyo likakua desturi la kuitaja nukta kwa namba. Hapo ndipo neno kipimo lilipoanza kubadilika maana pasipo mtu kulitangaza. Zamani kipimo kilikuwa sifa ya kitu, kama urefu wa ubao. Sasa kikawa idadi ya namba zinazohitajika ili jambo lisipotee: moja kwa nukta iliyo juu ya kamba, mbili kwa nukta iliyo juu ya ramani, tatu kwa ndege aliye angani.

Maana hiyo mpya ikishakubaliwa, namba ya nne haikuwa mbali. Anayemngoja rafiki yake hahitaji kuambiwa mtaa na nyumba na ghorofa tu. Ahitaji na saa. Mwaka 1754, katika juzuu ya nne ya ile Encyclopédie kubwa ya Ufaransa, d'Alembert aliandika chini ya neno "dimension" kwamba mtu mwenye akili aliyefahamiana naye aliona kuwa muda waweza kuhesabiwa kipimo cha nne. Hakumtaja jina, na wanahistoria wamebishana kama alikuwa rafiki au d'Alembert mwenyewe aliyejificha nyuma ya rafiki. Mwaka 1797 Lagrange alisema waziwazi kwamba elimu ya mwendo yaweza kutazamwa kuwa jiometri ya vipimo vinne. Baada ya hapo jambo likalala. Lilikuwa kweli, lakini halikumfanyia mtu kazi yoyote.

Walioitumia picha hiyo kwa kazi ni watu wa reli. Mwaka 1878 Étienne-Jules Marey, katika kitabu chake juu ya njia ya kuonyesha mambo kwa michoro, alichapa jedwali la treni za baina ya Paris na Lyon lililonasibishwa na mhandisi aliyeitwa Ibry. Saa za siku zimepangwa upande wa kulala, vituo upande wa kusimama, na kila treni ni mstari unaopanda au kushuka. Treni iendayo kasi ina mstari uliosimama zaidi. Treni iliyotua kituoni ina mstari uliolala, kwa kuwa mahali pake hapabadiliki ila wakati wapita. Mtu akichora hivyo reli ya njia moja kama ile ya zamani kutoka Mombasa hata Nairobi, mistari miwili ikikatana porini pasipo kituo ajua kabla ya treni kuondoka kwamba ajali imekwisha kupangwa. Katika karatasi ile hakuna kinachotembea, na mwendo wote umo. Wanafizikia wa karne ya 20 waliuita mstari wa namna hiyo mstari wa ulimwengu.

Hata hivyo jedwali la treni lina upungufu, na hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Katika ramani ya kweli mtu aweza kuizungusha karatasi. Kilichokuwa mashariki kitupu kitakuwa sehemu mashariki na sehemu kaskazini, wala umbali baina ya miji miwili hautabadilika. Yawezekana kwa sababu mashariki na kaskazini hupimwa kwa kijiti kimoja. Jedwali la treni halizungushwi. Hakuna ajuaye saa moja ni sawa na kilometa ngapi; mchoraji huchagua apendavyo, na mwingine akichagua vingine mchoro wake nao ni sahihi. Ilikosekana bei ya kubadilishia, kama ilivyo kwa fedha za nchi mbili zisizo na biashara baina yao.

Ni kweli kwamba wasafiri walikuwa na bei zao. Katika njia za misafara kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji umbali ulitajwa kwa siku: mahali fulani ni mwendo wa siku tatu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kipimo kilicho sahihi zaidi. Ahmad ibn Majid, aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 15 na ambaye mojawapo ya tungo zake ni juu ya njia ya Sofala, alihesabu safari kwa zam, nayo ni mwendo wa chombo kwa saa tatu. Zam nane za kwenda kaskazini moja kwa moja huipandisha nyota ya kaskazini kwa kidole kimoja. Neno hili ndilo zamu ya Kiswahili, ambayo leo ni ya mlinzi na ya mpishi. Kwa mabaharia wale ilikuwa muda na umbali pamoja. Lakini bei ya msafara hutegemea miguu, na bei ya jahazi hutegemea upepo. Ili wakati na mahali vipimwe kwa kijiti kimoja kikweli, palihitajika msafiri ambaye kasi yake haitegemei chochote wala yeyote anayeitazama.

Msafiri huyo ni nuru. Mwaka 1887 Michelson na Morley walitafuta tofauti ya kasi ya nuru kwa kufuata mwendo wa dunia, wasiipate. Lorentz, mwaka 1904, aliandika kanuni za kubadilisha namba za mahali na wakati kutoka kwa mtazamaji mmoja hata mwingine, na mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba kanuni hizo hutoka katika mambo mawili tu: kwamba sheria za asili ni moja kwa watazamaji wote waendao mwendo ulionyooka usiobadilika, na kwamba nuru ina kasi moja kwa wote. Katika makala yake hiyo hamna kipimo cha nne. Einstein alizungumza juu ya saa na fimbo za kupimia, kama fundi.

Aliyekiona kwanza kipimo cha nne katika kanuni hizo alikuwa Henri Poincaré. Katika makala aliyoimaliza mwaka 1905 na ikachapwa mwaka uliofuata, aliweka pamoja na namba tatu za mahali namba ya nne, yaani wakati uliozidishwa kwa kasi ya nuru na kwa kipeuo cha pili cha hasi moja, akaona kwamba kanuni za Lorentz ni mzunguko tu, kama kuizungusha karatasi. Kisha akaliacha. Mwaka 1907, alipoandika juu ya mahali kwa wasomaji wasio wanafizikia, alieleza sababu: fizikia yaweza kutafsiriwa katika lugha ya jiometri ya vipimo vinne, lakini taabu ingekuwa kubwa na faida ndogo, na tafsiri hiyo ingebaki daima na sura ya tafsiri, isiyo nyepesi kama matini ya asili. Lugha ya vipimo vitatu aliiona kuwa ndiyo iufaayo ulimwengu wetu.

Ni nadra mwanahesabu kusema maneno ambayo mtaalamu wa lugha angeweza kuyatia mkono bila kubadilisha neno. Poincaré alijua kwamba jambo moja laweza kusemwa kwa lugha mbili, na kwamba uchaguzi baina yake si wa ukweli na uongo bali wa kufaa. Alichokosa kukadiria ni kwamba tafsiri huweza kuyaonyesha mambo yaliyokuwa yamefichwa na matini. Kila aliyefanya kazi ya kutafsiri amepata kuona hivyo: sentensi iliyopita bila kushtua katika lugha moja, ikihamishwa hukataa kukaa, na hapo ndipo mtu atambuapo kwamba hakuwa ameielewa.

Aliyeifanya tafsiri ni Hermann Minkowski, profesa wa hesabu wa Göttingen, ambaye hapo kabla alikuwa amemfundisha Einstein katika chuo cha Zürich. Tarehe 21 Septemba 1908, mjini Cologne, mbele ya mkutano wa wataalamu wa elimu za asili na matabibu wa Ujerumani, alisoma hotuba iliyoitwa "Mahali na Wakati". Alitangaza tangu mwanzo kwamba mahali peke yake na wakati peke yake vitafifia viwe vivuli, na kitakachosimama kwa nguvu zake ni muungano wa viwili hivyo. Hakuna mtu, alieleza, aliyepata kuona mahali pasipokuwa kwa wakati fulani, wala wakati pasipokuwa mahali fulani. Jambo lolote litokealo aliliita nukta ya ulimwengu. Maisha yote ya kitu aliyaita mstari wa ulimwengu. Na bei ya kubadilishia akaiandika kwa mzaha wa kihesabu, kwamba kilometa 300,000 ni sawa na sekunde moja iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha hasi moja. Hakupata kuyaona matunda yake. Alikufa tarehe 12 Januari 1909 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, umri wake miaka 44.

Hasi ile ndiyo ambayo wafasiri wa pili, yaani waandishi wa vitabu vya kusomwa na wote, wameiacha mara nyingi, na kwa kuiacha wameharibu maana yote. Katika ramani, chombo kilichokwenda 3 mashariki na 4 kaskazini kiko umbali wa 5 kutoka kilipoanzia, kwa kuwa 9 na 16 zikijumlishwa ni 25. Katika jiometri ya Minkowski, penye wakati hapajumlishwi, hutolewa. Msafiri aendaye hata nyota iliyo mbali kwa mwendo wa miaka 3 ya nuru, akafika baada ya miaka 5 kwa hesabu ya waliobaki nyumbani, yeye mwenyewe atakuwa ameishi miaka 4: 25 kutoa 9 ni 16. Akirudi kwa kasi ile ile, atawakuta wenziwe wamezeeka miaka 10 naye miaka 8. Pembetatu ni ile ile ya 3, 4 na 5 ajuayo kila seremala, ila alama imegeuka. Na kwa kugeuka alama, njia iliyonyooka, ambayo katika ramani ni fupi kuliko zote, katika wakati ni ndefu kuliko zote. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria. Saa zilizokwenda mashariki zilirudi zimepoteza sehemu 59 katika bilioni za sekunde, na zile za magharibi zimepata sehemu 273, zikilinganishwa na saa zilizobaki. Katika tofauti hizo ilihesabiwa pia athari ya kimo, maana saa iliyo juu huenda mbio kidogo kuliko iliyo chini.

Alama hiyo ya kutoa ndiyo ilindayo tofauti baina ya kabla na baada. Nuru ya jua hufika duniani kwa muda wa sekunde 500 hivi, yaani dakika 8 na sekunde 20. Iwapo mlipuko umetokea juani, na dakika 5 baadaye mvuvi wa Kilwa amewasha taa yake, hakuna habari ya mlipuko iliyoweza kumfikia. Basi watazamaji wawili waendao mbio kwa namna mbalimbali waweza kuhitilafiana, mmoja akasema mlipuko ulitangulia, mwingine akasema taa ilitangulia, na wote wakawa na haki. Lakini mvuvi akiwasha taa baada ya dakika 10, hakuna mtazamaji wa kasi yoyote atakayesema kwamba taa ilitangulia. Kwa hiyo vipimo vinne havikuuondoa mfuatano wa sababu na tokeo. Viliweka wazi ni mfuatano upi ulio wa kweli na upi ulio wa mazoea tu. Mtu awezaye kugeuka kutoka mashariki hata magharibi hawezi, kwa mzunguko wowote wa Lorentz, kugeuka kutoka kesho hata jana.

Einstein mwenyewe hakupendezwa upesi. Aliiona kazi ya Minkowski kuwa elimu ya ziada isiyohitajika. Alibadilika alipotafuta nadharia ya mvutano. Kuanzia mwaka 1912, akisaidiwa na rafiki yake Marcel Grossmann, alitambua kwamba pasipo lugha ya vipimo vinne jambo alilolitafuta halisemeki kabisa, maana mvutano ni mpindo wa mahali na wakati pamoja, na kitu kisichotamkwa kuwa kimoja hakiwezi kusemwa kwamba kimepinda. Mlinganyo ulikamilika Novemba 1915, na katika makala kuu ya mwaka 1916 alikiri deni lake kwa Minkowski. Tafsiri ilikuwa imekwisha kuwa matini. Kile kipeuo cha pili cha hasi moja nacho kiliachwa pole pole, kwa kuwa kiliificha hasi badala ya kuionyesha. Kitabu kikubwa cha Misner, Thorne na Wheeler cha mwaka 1973 kilikiaga kwa maneno ya mkono wa buriani. Ama vipimo vilivyoongezwa baadaye, cha tano cha Kaluza mwaka 1921 ambacho Klein alikikunja kisionekane mwaka 1926, na vile kumi au kumi na kimoja vya nadharia za nyuzi, havijathibitishwa na jaribio lolote, na hapa vyaweza kupitwa.

Mambo mawili ya siku hizi yaonyesha jinsi tafsiri ilivyoingia katika kazi. Tangu mwaka 1983 meta hupimwa kwa nuru: ni njia ikatwayo na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Urefu wote duniani sasa ni mwendo, kama wa msafara wa Tabora, ila msafiri hachoki. Na chombo kionyeshacho mahali kwa setilaiti, kilichomo katika simu za watu wengi, huhitaji setilaiti nne wala si tatu, kwa sababu kina namba nne za kutafuta: tatu za mahali, na moja ya wakati, maana saa ya simu si ya kutegemewa. Saa za setilaiti hizo, kwa kasi yake na kwa kimo chake, hutangulia saa za chini kwa sehemu 38 katika milioni za sekunde kila siku, na katika muda huo nuru hukata zaidi ya kilometa 11. Zisiporekebishwa, mahali pangepotea kwa sababu wakati umepotea.

Sasa yafaa kuulizwa lugha ya Kiswahili imesimama wapi katika habari hii. Ni dhahiri kwamba haikungoja fizikia ili ipitishe maneno kutoka mahali hata wakati. Mpaka ni alama ya shamba, na mpaka ni hata Ijumaa. Mtu asemaye "sina nafasi" aweza kuwa amekosa chumba au amekosa saa. "Hapo" ni pa mtu aliye karibu na msikilizaji, na pia ni pa kale. Lakini lililo la ajabu zaidi ni kiungo -po- cha kitenzi. "Mahali alipokaa" na "wakati alipokaa" vina kitenzi kimoja, na "alipokaa" peke yake, pasipo jina la kuitangulia, mara nyingi ni ya wakati. Viungo vyenzake, -ko- na -mo-, havikuvuka. "Alimokaa" ni ya ndani ya kitu siku zote. Wala muungano wenyewe si kamili. Mahali huenda na upatanisho wake, "mahali pale", na wakati huenda na wake, "wakati ule". Hata katika "wakati ule alipokaa" kionyeshi chafuata ngeli moja na kitenzi chafuata nyingine. Sarufi imeviunga pamoja viwili hivyo kwa mkono mmoja na kuvitenga kwa mwingine.

Ni rahisi mtu kushangilia na kusema kwamba Waswahili walimtangulia Minkowski. Asiseme. Hakuna katika -po- bei ya kubadilishia, wala alama ya kutoa. Lugha nyingi duniani huazima maneno ya mahali kwa ajili ya wakati, na elimu ya isimu imekwisha kuona hasara ya kukisia falsafa ya watu kutokana na viambishi vyao. Whorf, katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Wahopi wa Amerika hawana katika lugha yao maneno wala maumbo ya kuutaja wakati kama tuujuavyo. Mwaka 1983 Malotki alitoa kitabu kizima cha mifano kinyume chake.

Kosa la jamaa na hilo liko karibu zaidi na nyumbani. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alisema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una vipimo viwili, uliopita mrefu na uliopo, na karibu hauna ujao. Akaazima maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuviita, ingawa ushahidi wake wa vitenzi ulikuwa wa Kikamba na Kikikuyu. Mengi yamesemwa juu ya hoja hiyo na wanafalsafa. Kwa upande wa lugha, msemaji wa Kiswahili mwenye -ta-, na kesho, na kesho kutwa, na mtondo, na mtondogoo, haonekani kupungukiwa na ujao. Lakini lililo la kutazamwa hapa ni lile neno la vipimo. Uliopita na ujao si vipimo viwili, kama vile kaskazini na kusini si vipimo viwili. Ni njia mbili za kipimo kimoja. Mwanachuoni mkubwa alitumia neno la wanahesabu kwa maana ya sehemu, na tangu hapo mabishano yamekuwa marefu kuliko yalivyostahili.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa neno si jambo dogo. Wako wasemao "pande", na picha za sinema huitwa za pande tatu. Neno hilo lina kosa lile lile: upande una upande wa pili, na mwanafunzi aambiwaye kwamba sanduku lina pande tatu atazihesabu na kupata sita. "Kipimo" kina hasara ya kutumika pia kwa ratili na kwa dawa, lakini kimefuata asili ya Kilatini kwa ukamilifu, nacho hakidai kwamba wakati ni mahali. Chadai tu kwamba wapimwa. Ama umbali wa Minkowski baina ya matukio mawili, ambao si wa mahali wala wa wakati, na ambao watazamaji wote hukubaliana juu yake, hakuna neno lifaalo kuliko nafasi, kwa kuwa nafasi ya Kiswahili tayari ni ya vyote viwili.

Limebaki neno la zile namba zenyewe, ambazo kila mtazamaji ana zake. Hapa vitabu vya hesabu vya shule za Tanzania vimebahatika kuliko vilivyojua. Namba zitajazo nukta katika mchoro huitwa majira ya nukta. Majira ni wakati, kama majira ya mvua. Na kwa mabaharia majira ni njia ya chombo, hata mshika usukani huambiwa ashike majira. Msemaji wa Kiswahili ajua pia, pasipo kufundishwa, kwamba majira hubadilika kwa mtazamaji na nafasi haibadiliki. Aliye Zanzibar husema saa mbili asubuhi, na mgeni kutoka London, akiwa amesimama papo hapo na saa yake imerekebishwa vyema, husema saa nane. Mmoja ameanza kuhesabu tangu mapambazuko, mwingine tangu usiku wa manane. Hawagombani, kwa kuwa wote wawili watakubali kwamba chai ililetwa nusu saa iliyopita.